Majina ya Mchana

Nilikuwa na miaka kumi na saba niliposhika kazi kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha maparachichi, nje kidogo ya Makambako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka mazuri, nasubiri kuitwa kidato cha tano. Nyumbani kwetu, upande wa Mdandu, kusubiri maana yake ni kupalilia viazi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa msimamizi pale kiwandani. Siku moja alikuja akakaa na wazazi wangu, akasema mtoto asizubae, aje apate godoro na vifaa vya shule kwa jasho lake. Baba alimshukuru mpaka nikaona aibu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusimama. Maparachichi yalifika kwenye kreti yakiwa na udongo na utomvu, tunayamwaga kwenye karo refu la maji yenye dawa, tunayasugua, kisha yanapanda kwenye mkanda unaovutwa na rola za chuma, na upande wa pili yanapangwa kwa ukubwa. Juni ya kwetu haina huruma. Maji yale ya alfajiri yaliuma mpaka kwenye mfupa wa kiwiko. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka jua likizama.

Tulikuwa kama watu thelathini, na tisa kati yetu hatujafika miaka kumi na minane. Mdogo wetu alikuwa binti wa miaka kumi na mitano kutoka Tandala, huko Makete. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, neno moja linasubiri jingine, na akichoka alirudi kwenye Kikinga bila kujua. Alisimama karibu nami karoni. Aliniita dada. Nilimfundisha kujipaka mafuta ya mgando kabla ya kuvaa glavu, maana dawa ile ilikuwa inamchubua.

Wiki ya tatu alikuja afisa kazi, mtu mzima mpole, amevaa sweta chini ya koti. Alituuliza umri mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa ametufundisha cha kujibu, kwa hiyo tulisema kweli. Alimweleza shangazi mbele yetu kwamba kumpa kazi kijana wa umri wetu si lazima iwe kosa, lakini sheria inataka asizidishe saa sita kwa siku, asiguse kazi ya hatari, na usiku awe nyumbani kwao. Akabandika karatasi ukutani, akasema atarudi kukagua daftari la mahudhurio. Shangazi aliitikia kila neno. Alimsindikiza mpaka kwenye gari akiwa amefunga khanga kiunoni kama mtu aliye kanisani.

Sisi tulifurahi. Tulipiga hesabu: ukianza saa kumi na mbili, ikifika saa sita mchana umemaliza. Yule binti wa Tandala alisema atakuwa anakwenda kulala tu, kwamba hajawahi kulala mchana tangu aje Makambako.

Kesho yake shangazi aliniita ofisini. Ofisi ilikuwa chumba cha mbao chenye jiko la mkaa katikati, na nilipoingia vidole vyangu vilianza kuwasha kwa ule ujotojoto. Alinimiminia chai ya maziwa. Alisema mwandiko wangu ni mzuri na kwamba ni makosa msomi kama mimi kushinda kwenye maji, kuanzia siku ile nitakuwa natunza daftari. Kisha akanieleza namna ya kulitunza. Wale wadogo wenzangu niwaandike asubuhi kwa majina yao na mahali kila mmoja anaposimama, saa sita watie saini ya kutoka. Mchana wataendelea na kazi kama kawaida, ila waandikwe majina mengine.

Nikamuuliza majina ya nani.

"Ya watu, mwanangu," alisema. "Wewe hujui watu?"

Nilijua watu. Niliandika majina ya wanafunzi niliosoma nao shule ya msingi. Nikiwa na kikombe cha chai mkononi na jiko miguuni, niliwapa kazi ya mchana watu ambao wakati ule walikuwa wanalima Wanging'ombe au wameolewa Njombe mjini. Nilipofika kwa binti wa Tandala majina yalikuwa yamenipotea kichwani, nikamwandikia jina la msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja, aliyefariki kwa homa tukiwa darasa la tano. Niliona huyo hawezi kutokea siku moja akalalamika. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno hayo, na sijapata namna ya kujisamehe.

Saa sita walikuja mmoja mmoja wakiwa na mikono iliyokunjamana kwa maji. Wanatia saini ya kutoka, wanageuza ukurasa, wanatia saini ya kuingia. Binti wa Tandala aliuliza jina lile ni la nani. Nilimwambia ni lake, la mchana. Alicheka, na wenzake wakacheka, na kwa siku kadhaa waliitana kwa majina hayo kama mchezo. Na mimi nilicheka.

Siku ya ajali ilikuwa Alhamisi, yapata saa tisa alasiri. Nilisikia mkanda umekwama, kisha sauti ya binti wa Tandala akiita mama yake kwa Kikinga. Rola ya pale mkanda unapoanzia karoni ilikuwa imeshika glavu ya mkono wake wa kulia na kuvuta vidole pamoja nayo. Wanaume wawili walizima mashine, wakamtoa, wakamfunga kwa khanga ya mtu na kumpakia kwenye pikapu ya kiwanda kwenda hospitali.

Shangazi hakupanda gari lile. Alikuja ofisini, akafungua daftari, akateremsha kidole mpaka kwenye saini ya saa sita.

"Huyu alishatoka," aliniambia kwa sauti ya kawaida. "Alirudi mwenyewe kupiga soga. Kiwanda hakina habari naye."

Nilipotoka nje nilikuta wanamwagia maji ya mpira maparachichi yaliyokuwa na damu. Waliyafuta, wakayarudisha kwenye kreti pamoja na mengine. Nilizunguka nyuma ya ghala nikatapika chai yote. Kilichonichefua zaidi ya damu ni kwamba shangazi alikuwa sahihi: ukilisoma daftari, hakuna mtoto aliyeumia pale. Na mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, umenyooka.

Afisa kazi alifika Jumatatu, habari za ajali zimemfikia kutoka hospitali. Shangazi alimkabidhi daftari kwa mikono miwili na kumpa pole ya safari. Alilisoma kwa muda mrefu, na nilidhani atalifunga tu aondoke. Badala yake aliuliza jambo dogo. Aliona kwamba saa tisa ile, mahali pale kwenye mkanda, alikuwa amesimama mfanyakazi mwingine, na jina lake hili hapa. Huyo lazima aliiona ajali. Akaomba aitwe.

Shangazi alisema amekwenda kwao kwa ruhusa.

"Kwao wapi?"

Shangazi alinitazama mimi. Afisa naye akageuka akanitazama.

"Amekufa," nilisema. "Alikufa tukiwa darasa la tano. Ni mimi niliyemwandika, na wale wengine pia."

Watu wameniambia nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilikuwa kama mtu aliyeng'ata kitu kibovu, mdomo unajifungua wenyewe kukitema.

Mwenye kiwanda alilazimika kugharimia matibabu, na kiwanda kilifungwa kwa muda. Kilipofunguliwa shangazi hakuwemo, na wote wenye umri wetu walikuwa wamerudishwa makwao. Baadhi yao walinilaumu, maana saa kumi na mbili karoni kwao zilikuwa afadhali kuliko walikorudi. Binti wa Tandala alipoteza vidole viwili. Nilimtembelea likizo ya Desemba. Alinipokea vizuri, tukakaa jikoni akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, akaniuliza habari za shule. Mama yake aliitikia shikamoo yangu kisha akatoka, hakurudi mpaka nilipoondoka.

Mwaka uliofuata, nikiwa nimerudi nyumbani, ukoo uliitisha kikao. Nilidhani ni kuhusu shamba. Kumbe ni mimi. Baba mkubwa alisema damu haimwagi damu yake mbele ya serikali, na kwamba shangazi alikuwa amenipokea kama mtoto wake. Hakuna aliyemtaja binti wa Tandala. Nilimtazama baba, yeye akatazama sakafu. Mama alinibonyeza mgongoni, polepole, kama anavyomsukuma mtoto kwenda kumsalimia mgeni.

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Shangazi alisema amenisamehe, akaniinua, akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Kisha chakula kikaletwa, na yeye ndiye aliyeombwa kusali. Alisali vizuri, aliwaombea vijana wote wanaotafuta maisha. Tukasema amina, tukanawa, tukala. Kuku alikuwa mtamu, na nilikula mpaka nikashiba.