Koki ya Tangi la Choo

Marlys Tollefson alikuwa muuguzi wa shule huko Wisconsin, na matapishi ya watoto hayakuwahi kumtibua roho. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini alipojua kuchefukwa ni nini hasa, na kilichomchefua kwanza hakikuwa uchafu. Yalikuwa maneno ya mumewe.

Verlyn alikuwa na maneno matamu. Ndiye aliyesema makochi na makabati yamewageuza watumwa. Wapangishe nyumba, wanunue gari la kuishi ndani yake, wazunguke nchi na binti yao wakiwa na vitu vichache. Marlys alikubali, tena kwa furaha. Aligawa vyombo, akagawa nguo, akaitoa hata cherehani ya marehemu mama yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama huyo, naye ndiye aliyemwachia. Sasa walikuwa jangwani Arizona, katika kambi ya magari kama lao, yaliyopangwa karibu karibu hata jirani akikoroma unamjua ni nani.

Maisha haya mepesi yalikuwa na kazi moja nzito: kumwaga tangi la choo. Verlyn aliijaribu mara moja, akakimbilia nyuma ya mpungate, yale mamiti ya miiba ya jangwani, kutapika. Tangu hapo ikawa kazi ya mkewe. Tangi likikaribia kujaa, Marlys alivaa glavu, akaunga bomba kwenye shimo la majitaka la kambi, akafungua koki, akasimama pale akisikiliza chakula chao cha wiki nzima kikishuka. Jioni Verlyn aliketi kwenye moto na majirani akiwahubiria uhuru.

Asubuhi moja mpangaji wao alipiga simu. Alitaka kuinunua ile nyumba, na alihitaji jibu siku hiyohiyo.

"Mwambie ndiyo," Verlyn alisema huku akimwagia asali chapati zake za maji. "Tukate kamba, mke wangu. Unarudi kufanya nini kule? Kufagia theluji?"

Kabla Marlys hajajibu, binti yao Solveig alitoka chooni ameziba pua kwa kola ya fulana.

"Mama, mle ndani kuna kitu kimesimama."

"Kimesimamaje?"

"Kama kichuguu."

Marlys alitoka nje, akainama chini ya gari. Koki ilikuwa wazi.

"Verlyn, nani kaifungua hii?"

"Mimi, siku ile tulipofika kambini hapa, hata wiki haijaisha. Niliunga na bomba. Nilikuonea huruma. Nikasema ikikaa wazi, vitu vitajiendea vyenyewe."

"Yanayojiendea ni maji! Nilikwambia tangu siku ya kwanza: koki ifungwe mpaka tangi lijae, ili vyote vishuke pamoja. Maji yametangulia, mengine yote yamekaa yanakauka."

Opal, mjane wa gari la jirani, alikuwa kwenye kiti chake akinywa kahawa. "Hongereni jamani," alisema. "Wengine tunaondoka na picha tu, nyie mmejenga mnara."

Marlys hakucheka. Alichukua glavu akamwekea mumewe kando ya sahani.

"Leo vaa wewe. Ukimaliza, nitakupa jibu la nyumba."

Verlyn akalichukulia hilo kuwa ndiyo, akavaa. Akamimina ndoo za maji ya moto, akachokoa kwa mpini wa fagio, akatapika, akarudi kuchokoa. Mnara ulipovunjika ulishuka kwa kishindo, kiungo cha bomba kikafyatuka, na jasho la Verlyn likachanganyika na mambo ambayo Solveig alikataa kuyatazama. Marlys alimshikia tochi. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini.

Mchana, Verlyn aliketi chini mchangani, uso umemsawajika.

"Kumbe ndivyo unavyofanya kila wiki?"

"Kila wiki."

Akanyamaza. Marlys aliupenda ukimya ule kuliko hotuba zake zote. Alimmwagia maji mikononi, akamsugua kucha kwa brashi, na kwa muda aliona kwamba nyumba angeweza kuiachia. Si nyumba aliyokuwa akiihitaji. Alihitaji mtu aliyeona.

Jioni wakawasha moto. Verlyn, ameshaoga na kubadili shati, alisimama.

"Ndugu zangu, leo nimejifunza kitu. Kule mjini mtu anavuta maji, anasahau. Sisi tunamwaga wenyewe! Toka tuanze safari hii, kila wiki, mikono yangu hii inajua uhuru unanukaje."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Opal hakupiga. Alimtazama Marlys, kisha akatema mate pembeni.

Nyongo ilimpanda Marlys mpaka kooni. Alitembea hadi kwenye banda la kufulia, hatua chache kutoka gari lao, akampigia mpangaji: nyumba haiuzwi, na mkataba ukiisha wenyewe wataitaka.

Verlyn alimfuata mbio. "Lakini ulisema nikimaliza utanipa jibu!"

"Ndilo hilo. Mkataba ukiisha mimi narudi, na Solveig arudi shule."

"Kwa sababu ya koki?"

Marlys alimtazama, akaona kweli hajui. Hakumfafanulia, akarudi kwenye gari.

Solveig alikuwa mlangoni mwa gari, amesikia yote. "Na baba je, mama?"

"Baba yako ana gari," Marlys alisema, akiinama kuifunga ile koki, maana ilikuwa wazi tena. "Na glavu ameshajua zinavyovaliwa."