Kiduara kilizunguka mbele ya mama mkwe, nikakimbilia waya

Wakuu, salamu kutoka Uriri. Hii siongezi chumvi, bado niko na furaha mpaka vidole vinateleza kwa simu.

Alhamisi mama mkwe alikuja kwangu kutoka Kosele.

Wajaluo wenzangu mnajua uzito wa hiyo sentensi. Maro, yaani mama mkwe, haji kwa mkwe wake ovyo ovyo. Lakini kitinda mimba wake, Atieno, alikuwa anagraduate unesi huko ng'ambo, sherehe iko live kwa mtandao, na mimi ndiye nilijigamba niko na TV kubwa na WiFi.

Saa nane mchana ikaanza. Picha ikaenda dakika mbili, ikaganda. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Router iko chumba cha mbele, na kati yake na TV ya sebuleni kuna kuta mbili za mawe. Nikarestart. Nikaipandisha juu ya kabati. Wapi!

Mama mkwe aliangalia tu sakafu. Heri angenitukana.

Mke wangu Achieng' akaninong'oneza, "Wachana na hewa. Tafuta waya."

"Waya itaharibu sura ya nyumba."

"Na sura yako je?"

Nikatoka mbio mpaka kwa Abdi, anauza vitu za stima hapo sokoni. Nikampigia Achieng' anipimie umbali. Kwa haraka akapima na leso.

"Leso kumi na mbili!" akapaza sauti.

Abdi alicheka akashikilia kaunta. "Mwalimu, mimi nauza kwa mita. Beba ishirini. Ikibaki, anikia nguo."

Nikarudi, nikachomeka upande mmoja kwa router, nikapitisha mlangoni, ule mwingine nyuma ya TV.

Wakuu! Picha safi, haikwami! Na Atieno huyo, joho jeusi, watu wawili tu mbele yake kwa foleni. Jina lake waliliharibu kabisa, lakini tulilisikia!

Mama mkwe akapiga vigelegele, akasahau heshima zote za ukwe, akanishika mikono tukacheza sebuleni. Mwanaume mzima nalia huku nacheka.

Funzo: TV haihami, ipe waya. WiFi achia simu.

Sasa semeni, nyinyi waya mnapitisha wapi? Yangu imekata sebule katikati, kila mgeni anajikwaa, na Achieng' amekataa niiguse.