Alama ya Ukoo kwenye Jerikeni

Mama huuza maziwa ya ngamia mtaani Bulla Pesa. Kila jerikeni yake ilikuwa na duara na mistari miwili, imechomwa kwa chuma cha moto, alama ile ile iliyo shingoni mwa ngamia wetu. Wenye hoteli hawakuuliza maziwa ni ya nani. Walitazama alama, wakamimina.

Siku moja mwenye hoteli akamrudishia jerikeni. "Mama, haya ni maji yenye harufu ya ngamia."

Mama akaonja, akaikagua alama. Jerikeni haikuwa yetu. Jirani, mwanamke mcha Mungu sana, alikuwa amechoma alama hiyo kwenye jerikeni zake, na ukarimu wake wa kuongeza maji ya bomba haukuwa na kifani. Ndani ya wiki moja hoteli tatu zikatuacha.

Mimi, wakili mashuhuri wa kidato cha tatu mwenye D ya biashara, nikaandaa madai: azuiwe mara moja, jerikeni zake ziharibiwe, faida aitapike yote, fidia juu yake, na wakili anunuliwe simu.

Asubuhi kikundi cha akina mama wauza maziwa kikaketi sokoni. Nikasoma kwa sauti ya bunge. Jirani hakutoka hata jasho.

"We kijana, alama hiyo ilikuwa kwa ngamia wa baba yangu kabla mama yako hajaolewa kwetu. Ama hujui mimi ni wa ukoo gani?"

Kesi ikafa hapo hapo. Kwa akili zetu nyingi, tulikuwa tumechukua alama ya ukoo mzima tukaifanya ya biashara yetu. Nikakaa chini kwa adabu ambayo walimu wangu hawajawahi kuiona.

Lakini mwenyekiti wa kikundi akamgeukia jirani. "Sawa, ni ya ukoo. Kwa hivyo umeuza maji kwa jina letu sote, hata mimi?"

Sasa jasho likatoka.

Wakaamua aikwangue alama pale pale, na tangu siku hiyo mtu yeyote asiichome kwenye jerikeni, hata sisi. Mama akaulizwa anataka fidia ya mbuzi wangapi. Nikamwonyesha vidole vitano. Akanipuuza.

"Sitaki mbuzi. Twende naye hoteli zote tatu, aseme kwa mdomo wake."

Wakili nikashushwa cheo, nikabeba maziwa. Hoteli ya kwanza, jirani akasema yote akitazama viatu vyake. Mwenye hoteli akajimiminia kikombe cha maziwa ya Mama, akanywa, akanywa tena.

Kisha akamwita mpishi: "Mwaga hiyo chai ya maziwa ya unga. Pika ingine."