Sadaka Iliyokosa Mnunuzi

Maganda ya kahawa yaliyoanza kuoza yana harufu tamu iliyochanganyika na uchachu, na watu wengi huipita wakiziba pua. Mimi nikiisikia, hata leo na magoti yangu haya mabovu, husimama. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumapili zetu kule mlimani Meru wakati wa Mwingereza. Kanisa letu lilipakana na mahali pa kumenyea kahawa, na msimu wa mavuno mchungaji alishindana na nzi kutafuta usikivu wetu.

Ibada yetu haikuishia kwenye baraka. Tulitoka kwa wimbo, tukasimama duara nje, na mnada ukaanza. Watu wetu hawakuwa na fedha za kutosha, kwa hiyo walimtolea Mungu walichonacho: mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa, kuku aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa aliinua kitu kimoja kimoja na kuuliza nani anaongeza. Namkumbuka jogoo aliyewika wakati ndoa ikitangazwa, mzee akasema huyo ana pingamizi, asikilizwe.

Na ilikuwapo desturi moja niliyoipenda kuliko zote. Sadaka ikitoka katika nyumba yenye mgonjwa, watu waliipandisha bei kwa makusudi, na aliyeishinda hakuipeleka kwake. Aliirudisha kwa mgonjwa, wanawake wakimfuata kwa nyimbo mpaka kando ya kitanda. Msinicheke, lakini kwa akili yangu ya kitoto niliamini hivyo ndivyo watu wanavyopona.

Mama alikuwa kitandani nilipopata nafasi ya shule Uganda. Kifua kilimbana tangu mvua za vuli. Siku zile shule kubwa za wasichana zilikuwa za kuhesabika, na bibi wa misheni aliyenitafutia nafasi alituonya kwamba nisipofika muhula ukianza, atapewa mwingine. Nilikataa kwenda. Nilijificha migombani, nikasema nimeugua tumbo, nikajaribu kila ujanja. Asubuhi ya safari, nikiwa nimekubali kwa shingo upande, mama akaniita, akanifunga kitambaa kichwani polepole, akakifungua, akakifunga upya.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mimi nina kanisa zima la kunitazama."

Nilikwenda. Basi la Nairobi lilipopita Oldonyo Sambu niliuona mlima wetu kwa upande nisioujua, nikalia mpaka abiria mwenzangu akanipa andazi.

Kule shuleni Kiswahili kilihesabiwa lugha ya askari, Kiganda sikukijua, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni Jumapili. Kanisa lao lilikuwa zuri, mabenchi yaking'aa, maua mezani, lakini ikishasemwa Amina ya mwisho kila mtu alishika njia ya chakula. Jumapili za mwanzo nilibaki nimesimama nje peke yangu, nikidhani mnada umechelewa. Sikuona nani angejua kwamba nina mgonjwa, wala ningemwambiaje. Barua za baba zilisema sote tunakusalimu katika Jina la Bwana, nami nikamhesabu mama humo, ingawa moyo haukutulia.

Basi mke wa mpishi, ambaye nilimbebea mtoto jioni, akanizawadia yai. Njaa ya shule mnaijua, lakini sikulila. Jumapili niliingia kanisani kabla ya wenzangu, nikaliweka juu ya madhabahu, katikati ya maua. Niliwaza kwamba wakiliona watauliza ni la nani, nitasema, na mengine yatajifuata yenyewe kama kwetu.

Aliyeliona ni matroni. Alilishika kwa leso, mkono wake akiuweka mbali na mwili, na baada ya ibada tukapangwa mstari. Nilijitokeza mwenyewe, tena kwa furaha, nikidhani ndiyo saa yangu.

"Hili ni la nani?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha shida.

"La mama yangu," nikasema. "Ni mgonjwa."

Jibu hilo ndilo lililonimaliza. Kwao yai lililowekwa kwa siri, tena kwa jina la mgonjwa, lilikuwa kazi ya waganga. Nilijaribu kueleza mnada, lakini maneno niliyokuwa nayo hayakufika hata nusu ya njia. Yai likatupwa chooni. Mkuu wa shule, mama wa Kiingereza, akanikataza kanisa mpaka nitubu. Wasichana wakasogeza vitanda vyao mbali na changu.

Toka hapo Jumapili nilifungiwa bwenini, nikisikia nyimbo kwa mbali. Niliomba nikiwa chini ya kitanda, ili nisionekane. Nilimwahidi Mungu kila nilichonacho, kisha nikamtukana, kisha nikaogopa, nikaanza upya. Mchungaji wetu alizoea kusema Bwana huja wanapokusanyika wawili watatu. Mimi nilikuwa mmoja, na niliamini kabisa kwamba mama atakufa kwa sababu hiyo.

Nilirudi nyumbani mwisho wa mwaka. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa kando ya njia waliitikia shikamoo yangu wakitazama chini. Niliingia ndani nikiita, "Mama, nimefika." Aliyeinuka jikoni alikuwa shangazi, dada yake baba. Baba alitoka migombani, akaketi. Shangazi ndiye aliyesema kwamba walimzika kabla ya masika.

Kabla ya masika! Nilikuwa sijamaliza hata muhula wa kwanza. Nililiweka lile yai majani yakiwa yameshaota juu ya kaburi lake. Sala zangu zote za chini ya kitanda, zote, nilimwombea uzima mtu aliyekwisha zikwa. Na kanisa zima lilijua. Watu wale wasioweza kunyamaza kuku mmoja akiuzwa walikuwa wamenyamaza mwaka mzima. Nilimwambia shangazi sitaingia tena katika nyumba yao ya waongo.

"Mama yako ndiye aliyetuapisha," akasema. "Alisema ukijua utarudi, na ukirudi hutaondoka tena. Kila Jumapili tulikuombea wewe."

Nikamjibu kwamba mimi sikuwa mgonjwa.

Kanisani nilirudi, lakini baada ya miaka, na mpaka leo huketi karibu na mlango. Kiapo chao nimewasamehe. Walimtii mtu anayekufa, nani angefanya vingine. Lipo jambo lililochukua muda mrefu zaidi kunifikia, nami nilikuwa tayari mama wa watu nilipoling'amua. Asubuhi ile ya kitambaa, nilipokuwa nikinuna na kumharakisha ili basi lisiniache, mama alikuwa hajidanganyi hata kidogo. Alijua hatutaonana tena. Yeye aliniaga. Mimi, nikidhani namwacha kwa mwaka mmoja tu, sikumuaga.