Ndani ya Buti

Mume wangu alipohamishwa kutoka Nanyuki na kuletwa Othaya, alikuja na gari kuukuu ambalo kila usiku lilikuwa linamaliza betri. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa afisa wa mifugo huko mbali, akija nyumbani wikendi. Mimi nilikuwa nimezoea kuendesha boma na mama yake. Sasa alikuwepo kila siku, na tukishamaliza kunywa chai hakuna aliyejua aseme nini.

Asubuhi akigeuza ufunguo, gari lilitoa mlio hafifu kisha likanyamaza. Tulikuwa tunaliegesha likitazama bondeni ili nilisukume, nikiwa nimeshavaa nguo za kwenda kufundisha. Viatu vyangu vilijua matope ya uwanja ule vizuri. Betri ilikuwa mpya, lakini yeye alizidi kuilaumu. Mimi nililaumu gari lote.

Siku moja mvua ilinyesha, na Mama alikuwa na miadi ya macho hospitali ya Nyeri. Nilisukuma, gari likateleza hadi kwenye majani ya ng'ombe, likakaa hapo. Mama alishuka polepole akishika mlango.

"Wewe ni daktari wa ng'ombe," akamwambia mwanawe. "Hii nayo imekushinda?"

Kesho yake mume wangu alipanda basi akaenda mjini Nyeri kwa fundi wa umeme wa magari, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Alirudi na balbu ndogo yenye nyaya mbili.

"Fundi amesema kuna kitu kinakula umeme gari ikiwa imezimwa," akaniambia. "Nisaidie tukitafute."

Hilo neno, nisaidie, sikuwa nimelisikia kutoka kwake.

Jumamosi alichomoa waya mmoja wa betri, akaunganisha ile balbu kati ya waya na betri. Gari lilikuwa limezimwa kabisa, milango imefungwa, lakini balbu iliwaka. Nikaingia ndani nichomoe fyuzi moja moja, yeye akiiangalia.

"Bado?"

"Bado inawaka. Rudisha hiyo, toa ingine."

"Na sasa?"

"Imezima! Usiguse kitu!"

Fyuzi hiyo ilikuwa ya taa mbili tu, ya ndani na ya buti, kule nyuma kwa mizigo. Ya ndani ilikuwa imezima. Tukarudisha fyuzi na waya wa betri, tukafungua buti: taa ikawaka, kama inavyotakiwa. Lakini ukishafunga, utajuaje kama imezima?

Tukatazamana.

"Mimi sitoshei," akasema.

Nikavua viatu, nikaingia, nikajikunja kando ya gurudumu la akiba. Akafunga. Taa haikuzima. Ilimulika gunia, jeki na mikono yangu mwenyewe.

"Inawaka!" nikapiga kelele.

Kabla hajafungua nikasikia fimbo ya Mama ikija uwanjani.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Yuko kwa buti, Mama."

Fimbo ikasimama. Kisha Mama akauliza taratibu, "Amekukosea nini?"

Nilicheka humo ndani mpaka machozi yakanitoka. Naye mume wangu huko nje akaanza kucheka, akacheka hata ufunguo ukamshinda kuingiza kwenye kufuli. Sikujua kama ana kicheko cha namna hiyo. Nililala pale nikikisikiliza, nikatamani asiharakishe kufungua.

Kosa lilikuwa la kitufe kidogo ambacho mfuniko hukibonyeza ili taa izime. Kilikuwa kimeshika kutu na kukwama. Alikisugua kwa msasa na tone la mafuta ya taa mpaka kikacheza. Akaniomba niingie tena tuhakikishe, na safari hii nikabaki gizani. Asubuhi gari liliwaka mara moja. Mama akapata miadi mingine, akakaa kiti cha mbele.

Jioni ya Jumamosi ile mume wangu aliniuliza kwa nini sikuwahi kusema nimechoka kusukuma. Nikamwambia sikujua kama anataka kusikia. Ndipo akaanza kunieleza kuhusu chumba alichopanga Nanyuki, baridi ya huko, na jinsi alivyokuwa akipika chakula cha watu wawili kisha anakula peke yake. Nikasogeza kiti karibu na jiko, nikamwuliza alikuwa anapika nini.