Kutumikia ni nini, kumbe?

Leo mutoto wa miaka nane amekataa kusema ahadi ya kikundi chetu cha watoto, na mimi niko upande wake.

Ninafundisha watoto wa parokia hapa Kasenga, Uvira. Tuko tunajitayarisha kwa sikukuu ya uhuru.
Leo tulikuwa tunajifunza ahadi, tukafika kwa maneno "Ninaahidi kutumikia inchi yangu."
Wote wakasema. Neema akafunga kinywa.

Nikamuuliza: "Neema, kutumikia ni nini?"
"Ni kubeba masanduku ya risasi, mwalimu. Waasi walimukamata papa yangu, wakamuambia twende utumikie inchi. Alirudi toka Katogota mugongo umeharibika."

Sasa musikie musimamizi wetu, mutu muzima:
"Fundisha maneno tu. Maana watajua wakikomaa. Wageni wanakuja."

Wakikomaa?
Neema anaijua hiyo maana kuliko musimamizi. Anaiona kila asubuhi, akimufungia papa yake viatu kwa sababu hawezi kuinama.

Nimekataa kumulazimisha. Siku ya sikukuu atasimama mustari wa mbele, kinywa kimefungwa, mbele ya wageni wote.

Wazazi wenzangu wa Uvira, watoto wenu mutawaambia waseme maneno hayo?