Ukuta wa jiko unavunjwa, na mavyaa wangu analala juu yake

Admin, nisitiri jina langu na la mume wangu, maana yeye mwenyewe anaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto watatu, tunakaa Chumbageni, Tanga, kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa moja aliyoiacha marehemu baba mkwe. Chini tunakaa sisi, juu anakaa mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu. Tangu niolewe hajawahi kunitolea neno baya. Miguu inamsumbua, lakini ngazi anapanda mwenyewe, kashika ukuta, na chumba chake hataki kukihama. Mumewe alifia humo.

Haya yote yalianza kwa mimi kutaka jiko. Jiko letu lilikuwa kijichumba cha giza, na chumba cha kulia kiko upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo kila sahani unazunguka nayo ukumbini. Mimi napika peke yangu huko nyuma, wenzangu wanakula wanacheka huku. Nikamganda mume wangu karibu miaka miwili: tuuvunje ukuta, pawe chumba kimoja. Nilichora kwa chaki sakafuni. Sinki chini ya dirisha la uani, jiko la gesi pembeni yake, makabati ukuta huu, meza ndefu katikati, watoto wafanye kazi zao za shule huku nawaona. Mavyaa alishuka kuitazama ile michoro, akacheka, akanionyesha kwa mkongojo anapotaka kiti chake.

Tukamwita fundi, mzee mmoja wa Muheza. Akaugonga ukuta, akapanda juu, akahesabu hatua, akashuka.

"Juu hapa analala nani?" akaniuliza.

"Mama."

"Huu ukuta ndio umebeba boriti za chumba chake. Mkitaka kuvunja, mtoeni kwanza, mjenge nguzo na mkanda wa zege. Bila hivyo mimi siweki nyundo."

Nikamwambia mume wangu, akasema atazungumza na kaka yake. Huyu shemeji anakaa Raskazone, ni mfanyabiashara, na kwa muda mrefu anataka nyumba iuzwe. Mavyaa amekataa katakata. Kesho yake alasiri shemeji akaja, wakajifungia sebuleni. Mimi nilikuwa napeleka chai. Nimefika mlangoni nikamsikia anasema, "Ukuta ukitoka, juu patapasuka kidogo. Mama ataogopa, atashuka mwenyewe. Akishashuka, hapandi tena, na sisi tunauza."

Mume wangu akauliza, "Na chumba kikianguka yumo ndani?"

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Kisha shemeji akajibu, "Watu watasema ni jiko la mkeo."

Wallahi sinia lile sikuliingiza. Nilirudi nalo, nikakaa chini jikoni. Sikulia. Nilichokuwa nangoja ni mume wangu amkatalie ndugu yake, nikatega sikio kweli kweli, lakini nilichosikia ni viti vikisogezwa, wakaagana.

Shemeji alipoondoka nikamuuliza. Akasema nimesikia vibaya, na tangu lini nasikiliza milangoni. Nikamwambia basi, jiko silitaki tena. Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Miaka miwili umenisumbua, leo hulitaki? Na ukimpelekea mama maneno haya, ujue huna ndoa."

Wiki hii wameletwa mafundi wengine, vijana wa shemeji. Hakuna nguzo iliyosimamishwa. Wamefungua tundu la upana wa mlango, na kila wanapopiga nyundo unga wa chokaa unamwagika kutoka darini. Jana nilikuta mchanga ndani ya wali. Nilipanda juu, nikaona ufa umeanza pembeni mwa dirisha la mavyaa, umeteremka hadi nyuma ya kitanda. Mlango wake hauingii tena kwenye fremu. Yeye anasema mbao zimevimba kwa mvua. Mvua yenyewe hatujaiona siku nyingi.

Nikamwomba alale chini na wajukuu zake, nikasingizia miguu yake. Akanishika mkono. "Mwanangu, mimi humu nitatolewa nikiwa nimebebwa." Nitamwambiaje mama mwenye presha kwamba watoto aliowazaa wamekaa wakapanga hivi? Na kama hataniamini?

Leo asubuhi nikamfuata shemeji mwenyewe, nikamwamkia, nikamwambia jiko nimeliacha, naomba tundu lizibwe. Akatabasamu. "Shemeji, jiko hilo si lako tena." Akaniambia niwaandae watoto waende kwa mama yangu Kigombe Jumapili, wasivute vumbi, na mimi niende nao. Kuhusu mama yake hakusema kitu. Nilipomuuliza, akasema mama ni mtu mzima, anajua anachotaka.

Mafundi wanarudi Jumatatu kumalizia ukuta uliobaki.

Nimefikiria kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, lakini ushahidi wangu ni maneno niliyoyasikia mlangoni, na kila mtu mtaani anajua aliyetaka jiko ni mimi. Nimefikiria kumwita yule fundi mzee aje amwambie mavyaa mbele ya wote, mume wangu akiniacha na aniache. Mara napata ujasiri, mara nawatazama wanangu nanywea.

Naandika haya nikiwa chumbani kwa mavyaa. Amejilaza, ananieleza vitambaa anavyotaka kushona kwa ajili ya meza mpya, nami naitikia.

Nyie mnaosoma, wake za watu na watoto wa watu, niambieni nifanye nini. Msiniambie nisubiri.